Chachu ya Montrouvel

Kijiji kizima kilikuwa cha plasta. Hamida Vuai alilijua hilo tangu siku ya kwanza, alipogonga kwa kidole ukuta wa ile waliyoiita nyumba ya meya akasikia utupu ndani yake. Walikipa jina la Montrouvel, kijiji kimoja cha kweli kilichoko milimani huko Ufaransa, wakakijenga chini ya paa la kioo pembezoni mwa Dubai ili watu wenye viatu safi waje kutazama maisha ya shamba bila kukanyaga shamba. Palikuwa na kijito kinachonuka dawa ya bwawa la kuogelea. Palikuwa na kondoo wawili waliobadilishwa kila wiki kwa sababu hawakuhimili kiyoyozi. Palikuwa na wazee wanne wenye kofia bapa waliolipwa kurusha gololi za chuma mchangani, wawili asubuhi na wawili jioni, na wa jioni walinuna chai ikichelewa.

Hamida alizaliwa Makunduchi, na kijiji alikijua. Kijiji kina nzi, kina misiba, kina jirani anayejua umepika nini kabla hujapakua. Miaka kumi na saba alikuwa inspekta wa polisi Unguja, na sasa, akiwa na miaka hamsini na mitatu na magoti yenye kulalamika, alikuwa mpelelezi wa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa kulinda plasta hiyo. Mshahara aliuheshimu. Mahali penyewe alipadharau kwa moyo wake wote, wala hakujisumbua kuificha dharau hiyo.

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, meneja wa Kijiji alimwita ofisini. Mohannad alikuwa mtu wa suti nyembamba na tabasamu jembamba zaidi. Juu ya meza yake ripoti ilikuwa imeshachapwa yote, imebakia sahihi ya mpelelezi.

Ripoti ilisema kwamba Milly Atuhaire, mfagiaji, raia wa Uganda, siku ya Jumanne aliitupa jaani chupa yenye chachu ya Montrouvel. Chachu hiyo ilikuwa donge la unga uliochacha, lenye umri wa zaidi ya miaka mia, lililotolewa na mwanamke mmoja wa kijiji cha kweli, Madame Roselyne, ili mikate ya Dubai iumuliwe nayo. Mkataba ulikuwa wazi: pasipo chachu hiyo, Kijiji kisingeruhusiwa kutumia jina. Na Madame Roselyne mwenyewe alikuwa ameshatua uwanja wa ndege. Angefika saa kumi alasiri.

"Madam Hamida, hii si kesi," alisema Mohannad. "Ni sahihi tu. Viza yake tunaifuta leo, usiku anapanda ndege ya Entebbe, khalas."

"Yeye mwenyewe amesema nini?"

"Analia."

"Kulia si maelezo, sir. Nipe hadi saa kumi."

Mohannad alitazama saa yake kama mtu aliyeombwa figo. Kisha akasema sawa, mradi bibi huyo akifika akute mkosaji ameshapatikana.

Hamida alitoka akiwa na ripoti kwapani. Alimfahamu Milly kwa sura: mwanamke mfupi, mkimya, mwenye miaka minne kazini na watoto wawili wanaosomeshwa na mfagio wake huko Kabale. Akifutiwa viza kwa kosa, asingerudi tena Dubai, na watoto hao wangerudi shambani kwa bibi yao. Yote hayo kwa ajili ya unga uliochacha. Hamida alisonya, akaelekea kwenye duka la mikate.

Harufu ya mkate ilimpokea hatua ishirini kabla ya mlango. Aliinua macho. Juu ya kibao cha duka, nyuma ya maua ya plastiki, palikuwa na kisanduku cheupe kinachopuliza harufu hiyo kila baada ya dakika chache. Pua ya mtu inadanganywa mchana kweupe, na watu wanapiga picha.

Mwokaji, Bastien, alikuwa Mfaransa halisi, kitu pekee halisi mahali hapo, na hata yeye kabla ya kuja alikuwa akichanganya vinywaji hotelini. Alivaa aproni nyeupe isiyo na doa hata moja. Hamida aliitazama aproni hiyo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Bastien alieleza kwa huzuni ya mazoezi. Chupa ilikaa siku zote ndani ya kabati la kioo, wageni wakiiona. Jumanne aliikuta haipo, akaitafuta, akaiokota katika pipa la taka nyuma ya jiko, imekaa juani kutwa, chachu imekauka na kufa. Mfagiaji wa zamu alikuwa Milly. Watu wa namna ile, alisema, wakisikia harufu kali hudhani kitu kimeoza.

Hamida hakuligusa hilo la watu wa namna ile. Aliliweka akiba. Akauliza chachu ililishwa mara ngapi.

"Kila siku," alisema Bastien. "Alfajiri, kabla ya kitu chochote. Kijiko cha unga, maji kidogo. Miaka miwili sijakosa, ila likizo ya Julai."

"Hata Jumatatu, siku moja kabla?"

"Hata Jumatatu. Ni kama mtoto, madam."

Chupa ilikuwa pale kaunta, ndani ya mfuko wa nailoni: chupa pana ya kioo kinene, jina la kijiji limechongwa ubavuni, kifuniko cha bati. Hamida aliitoa, akashika kifuniko, akazungusha. Hakikwenda. Akajaribu kwa kitambaa. Hakikwenda. Akamsogezea Bastien na kumwomba afungue yeye, maana mkono wake umezoea.

Bastien alicheka kidogo, akashika. Shingo ikamvimba. Akaibana chupa kifuani, akazungusha hadi masikio yakawa mekundu, na ile aproni safi ikapata doa lake la kwanza, kutu iliyobanduka ukingoni mwa kifuniko. Baada ya dakika nzima aliirudisha kaunta, akasema jua la Dubai ni kali.

"Kali sana," alisema Hamida. "Kwa siku moja tu limeotesha kutu yote hii."

Alikimwagia kifuniko maji ya moto, akakigonga kwa mpini wa kisu, kikafunguka kwa kelele. Ndani palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kilichoshika kioo kuanzia chini hadi nusu. Alinusa. Hakikuwa na harufu yoyote. Mama yake alikuwa akiumua unga wa mikate ya mofa katika chungu, na chungu hicho hata kikioshwa mara tatu kilinuka uchachu kwa wiki. Tena kilifunikwa kwa kawa, hakikuzibwa, kwa kuwa unga ulio hai unapanda na kushuka, na chombo ukikiziba kinapasuka.

Alibandua kipande kidogo kwa ncha ya kisu. Akamega na kipande cha mkate mkavu kutoka kikapuni. Akaomba vikombe viwili vya maji ya moto, akatia kimoja huku na kimoja kule, akaviweka dirishani na kumwomba Bastien asivisogeze. Kisha akazunguka nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa. Tanuri la matofali lilikuwa baridi, lina taa nyekundu ndani mahali pa moto. Magunia ya unga yalipangwa kwa uzuri, moja limefunguliwa, na Hamida alipotia mkono fukusi walimpanda hadi kwenye saa. Akawakung'uta taratibu juu ya kaunta, mbele ya mwokaji.

"Unaumua nini, Monsieur, hawa?"

Bastien alisema angependa kuongea na Mohannad. Hamida alimwambia aende salama.

Kutoka hapo alishuka hadi lango la wafanyakazi, ambako Zedekiya, mlinzi kutoka Mbale, aliweka madaftari mawili: la magari na la mifuko. Zedekiya alikuwa na mwandiko mzuri na moyo mgumu. Hakuna aliyewahi kupita mbele yake na kitu ambacho hakukiandika.

"Mimi naandika kila kitu, madam," alisema. "Hata karanga."

Daftari la magari lilijieleza lenyewe. Tangu mwanzo wa Agosti, kila alfajiri saa kumi na moja, gari la friza liliingia kutoka ghala moja la Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, ubavuni limeandikwa aiskrimu. Kibali kilisainiwa na Mohannad. Hamida aliuliza Kijiji kina duka gani la aiskrimu. Zedekiya alifikiri, akasema hakuna. Shehena ilikuwa maboksi marefu, membamba, yaliyoshushwa nyuma ya duka la mikate.

Kwa hiyo mikate ilikuja imegandishwa, ikapashwa moto, ikapuliziwa harufu na kuuzwa kama urithi wa mababu. Hamida hakushangaa. Alichosikia ni ile furaha chafu ya mtu aliyekidharau kitu tangu mwanzo, kisha akapewa sababu. Mwokaji ni mwongo, tena mwongo mvivu, na meneja wake anajua. Kazi imekwisha kabla ya adhuhuri.

Akafungua daftari la mifuko ili kumalizia tu.

Ukurasa wa Julai, siku moja kabla ya likizo ya Bastien, kwa mwandiko ule mzuri: Milly Atuhaire, kopo moja la maziwa ya unga, limefungwa kwa taulo, ndani uji mchachu.

Hamida alisoma mara mbili. Furaha yake ikamtoka. Alimuuliza Zedekiya anakumbuka nini, naye akasema aliona ni bushera, ule uji wa mtama wa kwao Kabale, akamruhusu apite. Hakuuliza zaidi kwa sababu mtu na uji wake ni siri yake.

Basi Milly alichukua kitu. Mohannad akiuona ukurasa huu hahitaji tena habari ya Jumanne. Neno moja, wizi, lingetosha, na kukataa kwake kusaini kusingezuia kitu.

Alimkuta Milly chumba cha kubadilishia nguo, ghorofa ya chini, kusiko na plasta wala maua, saruji tupu na makabati ya bati. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sare ameshaivua, kisanduku cha chakula magotini hakijaguswa. Hamida aliketi kwenye benchi na kumwekea daftari mbele ya macho. Hakusema neno. Njia hiyo iliwahi kuwavunja watu wagumu zaidi.

"Ile chupa sikugusa Jumanne," alisema Milly. "Kweli, madam. Lakini hii ya Julai ni mimi."

"Ulichukua kiasi gani?"

"Vijiko mbili."

Yaliyobaki aliyaeleza huku akiangalia sakafu. Kwao mama yake hupika bushera ya kuuza, na alipofagia mara ya kwanza karibu na kabati lile, harufu ya chachu ilimsimamisha. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwao. Julai alimsikia Bastien anaaga wiki tatu. Akamwomba amwachie ufunguo wa kabati awe anailisha, maana kitu hicho hakikai wiki tatu bila kula. Bastien akamwambia mikono ya choo haigusi mkate. Usiku huo, kabla hajafunga kabati na kuondoka, Milly alikuwa ameshateka vijiko viwili. Hakuweza kukiacha kife mbele ya macho yake.

"Na aliporudi?"

"Ilikuwa na ukungu mweusi. Alimwaga sinki. Mimi ndiyo nilisafisha hiyo sinki." Milly alifuta pua. "Asubuhi yake chupa ikarudi kwa kabati, ina kitu nyeupe ndani. Na ile ndoo ya mafundi wa ukuta ilikuwa jikoni. Nilinyamaza. Nani ataniuliza mimi?"

Hamida alikitazama kisanduku cha chakula. Ndani palikuwa na maharage na kipande kinene cha mkate wa rangi ya udongo, ganda limepasuka vizuri. Aliomba amege. Ulikuwa na uchachu wa mbali, wa kupendeza, na ganda lilimpigia kelele mdomoni. Miaka miwili alikuwa ameingia na kutoka katika kijiji cha mkate bila kula mkate.

"Vile vijiko viwili viko wapi?" aliuliza, ingawa ameshajua.

"Discovery Gardens, chini ya kitanda changu. Tuko saba ndani ya chumba, wote wanakula. Barbara ndiye anailisha nikiwa zamu."

"Mpigie Barbara. Apande metro sasa hivi, na hilo kopo asiliinamishe."

Milly alitoa simu, akaishika bila kupiga. "Wakiona, watasema nimeiba."

"Watasema. Na ukweli wenyewe, uliiba." Hamida alisimama, magoti yakalalamika. "Ila mimi nimewaona wezi wengi, mwanangu, na sijaona hata mmoja anayekilisha alichokiiba kila siku. Piga simu."

Saa kumi kasoro robo alipita dukani kuchukua vikombe vyake. Kile cha mkate kilikuwa tope. Kile cha pili kilikuwa maji safi na kile kipande cheupe chini yake, kigumu vilevile, kona zake zote zipo. Njiani alisimama kwenye nyumba ya meya, akabandua kipande cha ukuta nyuma ya dirisha la bandia na kukitia mfukoni.

Madame Roselyne alikuwa ameshafika. Mohannad alimketisha kwenye kiti kikubwa zaidi, akampa maua, naye akayaweka sakafuni. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, viatu vya kamba, mikono mipana yenye makovu ya tanuri, na mapajani mfuko wa plastiki ambao hakutaka mtu amshikie. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha. Bastien alisimama dirishani akiwa na aproni mpya.

Mohannad alikuwa katikati ya pole zake kuhusu mfagiaji mjinga aliyeangamiza urithi, Hamida alipoingia bila kugonga, Milly nyuma yake na kopo kifuani. Hamida aliweka chupa juu ya meza. Kando yake akaweka kikombe, na kando ya kikombe kipande cha ukuta.

"Mpelelezi wetu," alisema Mohannad, tabasamu likimkwama. "Amesaini tayari."

"Bado, sir."

Alieleza kwa mpangilio kama alivyozoea kueleza mahakamani, bila kupandisha sauti: kifuniko kilichofunguliwa kila alfajiri na bado kikaota kutu, tanuri lenye taa, fukusi, gari la aiskrimu na sahihi ya Mohannad kwenye kibali chake, na chupa ambayo mwokaji mwenyewe aliitupa jaani bibi asije akaifungua. Kisha akavisukuma mbele vile vipande viwili vyeupe, kimoja cha chupa na kimoja cha nyumba ya meya. Madame Roselyne alivichukua, akavisugua pamoja, akaitazama poda kwenye vidole vyake. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria.

Mohannad hakuwa mjinga. Aliligeukia kopo. Aliuliza lile ni nini, na Hamida alipojibu kwamba ni chachu yenyewe, iliyochukuliwa na Milly mwezi wa Julai, alipiga meza kwa kiganja.

"Basi amekiri. Ni mwizi. Yalla, mpigieni dereva."

Madame Roselyne alinyoosha mkono. Milly alimpa kopo. Bibi alifungua kitambaa kilicholifunika, akainama, akanusa, uso wake haumo tena ofisini humo. Alichovya kidole, akakitia mdomoni. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamemjaa maji, naye hakuyafuta.

Kwa Kiingereza chake cha vipande aliwaambia kwamba kwao hakuna mtu aliyewahi kuiba chachu. Ya kwako ikifa unakwenda kwa jirani na bakuli, anakujazia, wala hakuulizi imekufaje. Bibi yake aliipata hivyo, baada ya vita, kutoka nyumba ya ng'ambo ya pili. Kisha akasema jambo ambalo halikuwemo katika vipeperushi vya Dubai. Duka la mikate la Montrouvel lilifungwa mwaka jana. Majirani wamekufa au wamehamia mjini. Siku hizi mkate wa kijiji unatoka kwenye mashine iliyo kando ya barabara, unabonyeza kitufe unadondoka. Yeye alilazwa hospitalini majira ya baridi, na aliporudi nyumbani chachu ndani ya chungu chake ilikuwa imekufa.

Akaufungua mfuko wake wa plastiki. Ndani, ndani ya gazeti, palikuwa na chupa tupu. Hakuja kukagua mtu. Alikuja kuomba.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Hamida hakuwa na la kudharau upande ule wa meza. Upande wa pili lilikuwepo la kutosha. Mohannad alikuwa ameshageuza uso. Alikuwa akimpima Milly kuanzia miguuni hadi kichwani, akisema kwa uchangamfu kwamba hii ni hadithi nzuri kabisa, wageni wataipenda, avalishwe kofia nyeupe, aitwe Mademoiselle Emilie, kesho awe kaunta.

Hamida aliweka mkono wake juu ya kopo.

"Kwanza unafuta ile barua ya viza," alisema. "Mbele yangu. Halafu ripoti naiandika mimi. Habari ya kofia utamwomba yeye, na akikataa utanyamaza."

Mohannad alimtazama bibi, akalitazama kopo, akakitazama kipande cha ukuta. Akavuta kalamu. Barua ya viza ilichanwa vipande vinne, na Hamida akavichukua vyote vinne.

Milly aliomba kijiko. Aliteka cha kwanza, cha pili, kisha akaongeza cha tatu bila kuombwa, akavitia katika chupa ya bibi na kuifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. Akashika kifuniko, akakiweka juu bila kukikaza.

"Mwambieni asizibe sana," alisema. "Inapumua."

Madame Roselyne hakuelewa Kiswahili, akatazama huku na huku. Hamida alimgeukia mtu pekee humo ofisini aliyejua Kifaransa.

"Monsieur," alimwambia Bastien kwa Kiingereza. "Mwambie bibi: usiizibe sana, inapumua. Mwambie taratibu, na wewe usikie."

Bastien alisafisha koo, akatazama viatu vyake, akatafsiri.